Kanisa Limegeukaje Gereza?

Binti yangu, mwenye miaka kumi, alirudi skuli na kazi ya kufanya nyumbani: aandike maneno kumi ya Kiswahili yaliyotoka kwenye Kireno. Tisa aliyapata bila taabu, mengine kitabuni, mengine kwa kuniuliza: meza, leso, bendera, mvinyo, karata, turufu, parafujo, bomba, kopo. La kumi alilinakili kwa mwandiko wake mzuri wa kulala: gereza, kutoka igreja, yaani kanisa. Kisha akaweka kalamu chini.

"Mama, kanisa limegeukaje gereza?"

Nilikuwa jikoni napara samaki, mikono imejaa magamba. Ningeweza kumwambia kwamba maneno hubadilika, basi. Nami nilipokuwa na umri wake nilijibiwa hivyo kwa maswali mengi, na mengi yao yakafia hapo hapo. Hili sikutaka life. Tena jibu lake lina milango na minara, na sisi tunapita mbele yake kila tunaposhuka Forodhani kununua miwa. Nikamwambia asubiri Jumamosi.

Sisi tunakaa Bububu. Jumamosi tukapanda gari ya 502, tukashuka Darajani, tukakata vichochoro vya Hurumzi mpaka tukatokea baharini, na hapo ikatukabili Ngome Kongwe: ukuta wa kahawia, minara ya mviringo pembeni, na yale meno ya juu ambayo watoto wote wa Unguja huyachora wakiambiwa wachore mji. Nimeingia humo mara nyingi maishani mwangu, karibu zote usiku, kwa ajili ya muziki. Kuingia asubuhi, pakiwa kimya, nilikuwa sijawahi. Wauza vinyago na picha ndio kwanza walikuwa wanatandaza bidhaa zao, na paka mmoja alikuwa amejilaza kwenye ngazi za mawe.

Nilimwambia aweke kiganja chake ukutani, mahali ambapo lipu imebanduka na jiwe limebaki tupu. Ukilitazama kwa karibu jiwe hilo lina vijitundu na michoro kama nyota ndogo ndogo zilizobanana. Ni tumbawe. Limetoka baharini, na kila nyota ilikuwa nyumba ya mdudu mdogo kuliko punje ya mchele. Watu wa pwani walijenga misikiti, majumba na makaburi kwa mawe hayo, wakiyashika kwa chokaa iliyochomwa kutokana na mawe yale yale. Alipoondoa mkono, vidole vilikuwa vyeupe. Akavitazama, akavipangusa kidogo kwenye kanzu, lakini havikutoka vizuri.

Hapo ndipo nilipoanza kumsimulia, na ninayoandika hapa ni yale niliyomwambia, pamoja na machache ambayo sikuweza kumwambia mtoto.

Wareno hawakujenga ngome hii. Ngome yao kubwa ilikuwa Mombasa, Fort Jesus, waliyoanza kuijenga mwaka 1593. Hapa Unguja walikuwa na wafanyabiashara na mapadri wachache, na kati ya 1598 na 1612 walijenga kanisa dogo pale pale tuliposimama. Mabaki yake bado yamo ndani ya ukuta mmoja wa Ngome Kongwe. Ukishajua, unaliona. Kama hujui, unapita ukidhani ni ukuta kama kuta nyingine, na mimi nilipita hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mwishoni mwa karne ya 17 Waomani walikuja kuwang'oa Wareno. Waliizingira Fort Jesus kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698, karibu miaka mitatu ya njaa na maradhi. Wakati huo Unguja ilikuwa na mtawala mwanamke, Malkia Fatuma, aliyekuwa upande wa Wareno, na alijaribu kuwapelekea chakula kwa majahazi. Yasemekana kasri lake lilikuwa hapo jirani, kwenye kiwanja ambacho baadaye Sultani Sayyid Barghash alijenga Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu. Waomani waliposhinda walimhamishia Maskati, akakaa huko miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kurudi.

Binti yangu alisimama kwenye habari hiyo, hakutaka twende mbele. Malkia? Hapa? Alikuwa anavaa nini? Nilimwambia aliyekuwa malkia alikuwa Mswahili, mwenyeji wa hapa, na kwamba Waomani walipomwondoa ndipo walipoanza kujenga. Walilizunguka kanisa la Wareno kwa kuta, mawe yake yakaingia kwenye boma jipya, wakaweka askari ndani. Katikati ya karne ya 18 boma hilo likahitajika kweli, pale Wamazrui wa Mombasa walipokuja kuivamia Unguja. Uvamizi ule ulivunjika baada ya liwali wao, Ali bin Athman, kuuawa na jamaa yake mwenyewe.

Sasa tulifikia neno. Wareno walikuwa na desturi ya kuweka kanisa ndani ya ngome zao. Fort Jesus lilikuwemo, na msingi wake unaonekana mpaka leo ukiingia uwanjani. Kwa Mswahili aliyesimama nje, lile jengo la mawe la wageni, lenye kengele na mizinga, lilikuwa kitu kimoja. Igreja ikawa gereza, na gereza likawa boma zima. Kule Kilwa Kisiwani ipo ngome ya Waomani iliyojengwa upya juu ya mabaki ya boma la Wareno la mwaka 1505, na jina lake mpaka leo ni Gereza. Anayefika kisiwani na kuuliza ngome iko wapi ataelekezwa Gereza. Hata Richard Burton, Mwingereza aliyefika Unguja Desemba 1856, alilisikia neno hilo kwa wenyeji na kuliandika kama lilivyomwingia masikioni: Gurayza. Kwa hiyo wakati ule, mtu akisema "naenda gerezani", huenda alikuwa askari wa Kibulushi anayekwenda zamu.

Kilichobaki kilifanywa na wafungwa. Katika karne ya 19 ngome hii ilikuwa kambi ya askari na kifungo kwa pamoja, na nadhani ndivyo neno lilivyobadilika, pole pole. Kengele ya Wareno ilikuwa imeshanyamaza karne nzima na zaidi, mizinga haikumtisha mtu tena, na kilichokuwa kikiwahusu watu wa mjini kila siku ni kwamba fulani yumo ndani. Mke anapeleka chakula, mama anauliza habari langoni. Watu wakasema "yuko gerezani" mara nyingi sana, mpaka neno likasahau ngome, kama lilivyokwisha kusahau kanisa.

Nje ya ukuta wa mashariki palikuwa mahali pa adhabu, na pa kuua waliohukumiwa.

Hilo ndilo ambalo sikulimalizia mbele ya mtoto. Nilimwambia tu kwamba waliofungwa humu, wengine hawakurudi kwao. Lakini nililizunguka jengo naye mpaka upande huo, nikasimama kidogo, yeye akidhani natafuta kivuli. Watu walikuwa wanapita. Kijana mmoja alikuwa anasukuma baiskeli yenye machungwa, wageni wawili walikuwa wanapiga picha mnara. Nilisoma Fatiha kimoyomoyo. Mimi nimezaliwa kisiwa hiki, nimekula urojo hatua chache kutoka hapo tangu nikiwa na meno ya maziwa, nimecheza ngoma usiku kucha upande wa pili wa ukuta ule, na hakuna aliyewahi kuniambia. Sitaki mtoto wangu naye apite hapo miaka mingi bila kujua. Majina ya masultani yamo kwenye vitabu vyote, na ni sawa yawemo. Wale waliokatwa shingo nje ya ukuta hawana jina mahali popote. Wana neno hilo moja tu, na neno lenyewe tunalitumia kila siku bila kulisikia.

Unguja haikuwa peke yake katika jambo hili. Fort Jesus, baada ya vita vyote vile, Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958, ndipo ikaja kuwa makumbusho. Ngome ya Lamu, iliyomalizika kujengwa mwaka 1821, ilikuwa jela kuanzia 1910 hadi 1984. Hebu fikiria: wapo watu wa Lamu walio hai leo ambao wakipita uwanja ule wenye mti mkubwa wanakumbuka ndugu zao waliokuwa ndani, wakati mgeni anaona makumbusho na maktaba. Ukuta uliojengwa kumzuia adui asiingie humzuia mtu asitoke bila kuongezwa jiwe hata moja. Serikali zote zilizopita pwani hii ziliona hivyo, kila moja kwa zamu yake.

Kuna jambo moja linalonishangaza kila nikilifikiria. Ukisimama Forodhani ukatazama baharini, unakiona kisiwa cha Changuu, ambacho wageni hukiita kisiwa cha jela na kulipa boti kwenda kukiona. Jela ilijengwa kweli, mwaka 1893, kwa amri ya Lloyd Mathews, waziri mkuu wa Sultani. Lakini haikupata kufunga wafungwa. Iligeuzwa karantini, ikawa mahali pa kushushia wasafiri wa meli wanaoshukiwa maradhi, na leo wenyeji wake wakubwa ni kobe walioletwa kutoka Shelisheli. Jengo lisilopata mfungwa hata mmoja ndilo linaloitwa jela kwenye kila tangazo la utalii. Lililojaa wafungwa linaitwa Ngome Kongwe, na watu hukaa ndani yake wakinywa soda.

Na lipo la karibu zaidi. Hapa Zanzibar, kifungo kwa lugha ya serikali hakiitwi gereza. Kinaitwa Chuo cha Mafunzo. Tanzania Bara wana Jeshi la Magereza, Kenya wana Huduma ya Magereza, na sisi ambao ukuta wa kanisa lenyewe uko kwetu tumeliacha neno. Nalielewa kusudio la jina jipya, kwamba mtu afunzwe arudi kwa watu wake, na naliunga mkono kwa moyo. Ila siku ile, nikiwa na binti yangu na daftari lake, niliona kwamba vizazi vichache vijavyo mtoto wa Unguja huenda akalijua gereza kama neno la watu wa ng'ambo ya bahari, lisilomhusu.

Baada ya wafungwa lilikuja jambo ambalo binti yangu alilipenda kuliko yote, hata kuliko malkia. Treni.

Ndiyo, Unguja tulikuwa na reli. Kampuni ya Kimarekani iliijenga mwaka 1905, kiasi cha kilomita 11, kutoka mjini mpaka Bububu, kwetu sisi. Ngome ikawa depo na karakana yake. Mahali palipokuwa na wafungwa pakawa na mafuta ya mashine, vyuma, na mafundi weusi kwa masizi. Treni ilipita ndani ya mji karibu kabisa na nyumba za watu, ikatoka Malindi ikifuata pwani, ikaenda mpaka shamba. Katika miaka ya 1920 motokaa zilipozidi, abiria wakaiacha, ikabaki kubeba mawe ya kazi ya bandari, kisha ikafa kabisa.

Hapa nilazimike kusema kidogo kuhusu jina la kijiji chetu, maana kila nikitaja treni hiyo mtu hunikatiza: "Ndiyo sababu panaitwa Bububu, kwa mlio wake!" Hadithi tamu, na babu yangu aliipenda. Lakini Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliishi Bububu kwenye miaka ya 1860 na akaitaja kwa jina hilo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Treni ilikuwa bado miaka karibu ishirini ije. Mimi nawaamini zaidi wanaosema ni mlio wa maji ya chemchemi zetu, zile zile ambazo Sayyid Barghash alizivutia mabomba kuleta maji mjini. Binti yangu alipinga. Alitaka iwe treni. Alifanya mlio wake pale uwanjani, akakimbia kutoka mnara mmoja mpaka mwingine, na muuza vinyago mmoja, mzee wa makamo, akamwambia, "Haya mjukuu wangu, na mimi nishushe Mtoni."

Ilipofika miaka ya 1940 hapakuwa na treni wala mfungwa. Mwaka 1949 jengo la lango lilifanyiwa ukarabati mkubwa, na uwanja wa ndani ukawa kiwanja cha tenisi cha wanawake.

Niliposikia habari hii mara ya kwanza sikuiamini. Nilikuwa nimeshazoea kuifikiria ngome kama mahali pa wanaume: padri, askari, mfungwa, fundi. Halafu ghafla wanawake, viatu vya raba, mpira mweupe unaogonga ukuta wa tumbawe. Nimelitafakari sana jambo hili kwa sababu najua mji huu ulivyokuwa, na bibi yangu, aliyekuwa mwari miaka hiyo hiyo, alikuwa hatoki mchana bila buibui na mtu wa kumsindikiza. Mahali pa mwanamke kukimbia na kurusha mkono bila jicho la mtu palikuwa wapi? Labda ndani ya kuta zile zile ambazo hakuna aliyeweza kuchungulia. Urefu uliowafanya wafungwa wasione nje uliwapa wanawake wale stara. Sisemi kwamba bibi yangu alicheza humo. Hakucheza, alikuwa mtu wa Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, na vilabu vya mjini havikuwa vyake. Lakini napenda kumfikiria akipita nje ya ukuta ule asubuhi moja, kapu mkononi, akasikia ndani kicheko cha wanawake na mpira ukidunda.

Binti yangu aliuliza nani alikuwa anashinda. Nikamwambia wote, kwa zamu.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 tenisi ilikwisha na ngome ikaachwa ikae, majani yakaota. Mwaka 1994 ulijengwa ule ukumbi wa wazi wenye ngazi za mawe kwenye uwanja wa pili, na tangu hapo habari yake kila mtu anaijua. Tamasha la filamu la nchi za majahazi, na tangu Februari 2004, lile la muziki, Sauti za Busara. Mimi nimo kwenye umati huo karibu kila mwaka. Siku moja usiku umeme ulikatika katikati ya taarab, na muimbaji, mwanamama mtu mzima, hakunyamaza. Aliendelea bila kipaza sauti, fidla na ganuni zikamfuata gizani, na kuta zikairudisha sauti yake kwetu sote mpaka safu ya nyuma. Nilidhani wakati ule ni uhodari wa muimbaji peke yake. Jumamosi ile, nikiwa nimesimama mbele ya ukuta wenye mabaki ya kanisa, nilikumbuka kwamba mahali hapa paliwahi kujengwa kwa ajili ya kuimba.

Nyumba za jirani zinatukumbusha kwamba muda si wetu. Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati wa matengenezo, na wafanyakazi wakapoteza maisha. Siku ile nililia, nami si mtu wa kulilia majengo. Ngome ni kongwe kuliko Beit al-Ajaib kwa karibu miaka mia mbili. Mawe yake yanahitaji chokaa na mafundi wanaoijua chokaa, maana saruji huliziba tumbawe, unyevu ukakosa pa kutokea, ukuta ukaoza kwa ndani huku nje unang'aa. Mafundi hao bado wapo mjini, na wapo vijana wanaojifunza kwao. Ningependa kila anayekarabati jengo la zamani aketi nao baraza moja kabla ya kununua mfuko hata mmoja.

Tuliondoka adhana ya adhuhuri ikilia. Ndani ya gari ya kurudi, tulipofika karibu na Maruhubi, binti yangu alitoa daftari mfukoni mwa begi na kufungua ukurasa ule wa maneno kumi. Mbele ya kila neno mwalimu alichora kisanduku kidogo cha maana. Kwenye meza alikuwa ameandika meza. Kwenye leso, leso. Alilitazama la kumi kwa muda.

"Sasa hapa niandike ipi?"

"Andika zote unazokumbuka."

Akaanza na kanisa. Kisha boma la askari. Kisanduku kikajaa, akavuka mstari, akaenda pembeni mwa karatasi, gari likitutikisa, na vidole vyake vikiacha alama nyeupe za chokaa kila alipoushika ukurasa. Alikuwa amefika kwenye treni utingo alipogonga bati na kuita Bububu.